Chaki Kwenye Shati la Baba

Juzi nilikuwa nakagua mifuko ya suruali za mwanangu kabla ya kuzifua, nikakuta kipande cha chaki ya puli, ile ya bluu. Nilikinusa. Harufu ile ya vumbi kavu ikanipandisha hasira ya zaidi ya miaka ishirini. Nisamehe, msomaji, lakini kuna mechi moja ambayo mpaka leo haijanitoka rohoni.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mjomba Marwa, kaka yake mama, alikuwa na meza ya puli kwenye kibanda cha mabati pale Nyakato, na aliniacha nicheze bure kabla wateja hawajajaa. Wengine walipenda kupiga kwa nguvu. Mimi nilipenda hila. Ukiupiga mpira mweupe chini kidogo, unamgonga mwenzake kisha unarudi nyuma. Ukiupiga ubavuni, unazunguka na kwenda usikotarajiwa. Baba hakutaka hata kusikia habari hizo. Alikuwa fundi viatu sokoni na mzee wa kanisa, na kwake puli ulikuwa mchezo wa wahuni.

Basi Mjomba akanipa ahadi: nikimfunga Chacha, bingwa wa Kigera, ningekwenda na timu yake kwenye mashindano Bunda. Mimi niliyekuwa sijawahi kuvuka Butiama kwa bibi! Bunda nikaiota hata darasani.

Siku mbili kabla ya mechi, ngozi ya ncha ya fimbo yangu ikabanduka. Kingozi kile, kidogo kama kifungo cha shati, ndicho kinachoshika chaki. Bila hicho fimbo ni sawa na mwiko wa ugali. Madukani tulikikosa. Mama akampelekea baba ile fimbo, nami nikajua itarudi vipande viwili. Ajabu, Jumamosi niliamka nikaikuta imeegemezwa mlangoni, ina ncha mpya ya ngozi ya ng'ombe, ile ngumu aliyoletewa kutoka Butiama kwa ajili ya soli. Ilikatwa mviringo safi na kung'arishwa kama kiatu cha bwana harusi. Wakati huo mama alikuwa anamgombeza baba.

"Baba Nyangeta, hii bluu kwenye mkono wa shati umeitoa wapi?"

"Rangi ya viatu," baba akajibu, akaendelea na uji wake.

Mchana watu walijaa kibandani. Nilianza vizuri, mipira mitatu ikaingia kwa mapigo ya moja kwa moja. Wa nne ulitaka hila. Nikapaka chaki, nikalenga ubavu wa mpira mweupe, nikapiga. Ncha ikateleza. Mpira ukaenda zake pembeni bila kugusa chochote. Faulo! Chacha akapewa mapigo mawili, akayatumia. Zamu yangu iliporudi nikajaribu tena, na safari hii mpira mweupe uliruka ukaangukia sakafuni. Faulo nyingine. Watu wa Kigera walicheka mpaka wakashikana mabega.

Ndipo nikasikia sauti ya baba. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona pale hata siku moja.

"Piga katikati tu, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu jina langu, Nyangeta, ni la mama yake. "Ngozi hiyo pembeni inatelezaga."

Hasira zikanipanda. Aniharibie fimbo, halafu aje kunifundisha mbele ya watu!

"Baba, wewe unajua nini kuhusu puli?"

Kwetu mtoto hamjibu baba yake hivyo hata nyumbani, sembuse hadharani. Baba alivaa kofia yake akaondoka. Nami kwa ukaidi nikapiga ubavuni tena, mpira mweupe ukatumbukia shimoni, na Chacha akamalizia mweusi.

Bunda walikwenda wengine. Wiki mbili nzima sikumsalimia baba sawasawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema majirani, lakini mimi niliona mkuu ndiye aliyenivunja.

Juzi, chaki ya mwanangu ikiwa kiganjani, ndipo nilipofikiri jambo ambalo siku ile lingenichukua dakika moja tu. Fundi viatu anajua ngozi, sawa. Lakini atajuaje kwamba fimbo ile inashika katikati na kuteleza pembeni, kama hajaichezea? Na Nyakato nzima nani alivaa viatu vya bluu? Mzee wa kanisa alikwenda kwa Mjomba sisi tukiwa tumelala, akainama juu ya meza ya wahuni, akapiga mpira baada ya mpira mpaka akaujua udhaifu wa kazi yake. Ngozi nyingine hakuwa nayo. Alichobaki nacho ni kuja kuniambia.

Tulimzika Butiama mwaka juzi. Nilimuuliza anajua nini kuhusu puli. Alijua jambo moja, lile lile nililolihitaji, na hakulisema mara ya pili.