Ulimi Uliokufa wa Mpika Sabuni wa Bondeni

Saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba ya mabati mtaani Bondeni, Nakuru, Miraji Nasrudin anakoroga shahamu ya ng'ombe ndani ya pipa lililokatwa nusu. Anakoroga kwa upande mmoja tu, kama alivyofundishwa na baba yake. Moshi unamwingia machoni. Hageuzi uso.

Harufu ya mafuta inafika mpaka barabarani. Zamani harufu hiyo ilikuwa tangazo. Kabla ya adhuhuri wanawake wangekuwa wamejaa mlangoni na ndoo zao. Leo mlango uko wazi na hakuna anayeingia.

"Nimepika kidogo tu, ya kujaribu," anasema mzee huyo wa miaka sitini na minane. "Sijui hata namjaribia nani."

Kwa karibu miaka arobaini Miraji amepika sabuni ya kipande na kuwauzia akina mama fua, wanawake wanaofua nguo nyumba kwa nyumba. Sabuni yake ilikuwa na sifa mbili: ilikuwa rahisi kuliko ya dukani na haikuchuna mikono.

Mtu asiyejua mafuta ni nini atadhani sabuni ni adui wa mafuta. Si hivyo. Sabuni ni mafuta yenyewe, yaliyokatwa.

Chukua shahamu. Kwa macho ni donge jeupe. Lakini kila molekuli yake ina kichwa kidogo kiitwacho gliseroli, na kichwani hapo inaning'inia mikia mitatu mirefu ya kaboni. Mikia hiyo haipendi maji hata kidogo, ndiyo maana mafuta huelea juu ya supu. Kostiki, yale magadi makali yanayouzwa kwa kilo madukani, ikiyeyushwa katika maji na kumiminwa kwenye mafuta ya moto, huikata mikia hiyo kutoka kichwani.

Kila mkia uliokatwa hupata ncha mpya inayopenda maji, huku mwisho wake mwingine ukiendelea kuyakimbia. Hiyo ndiyo sabuni. Ncha moja hushika mafuta ya kola ya shati, nyingine hushika maji, na maji yakimwagwa vyote huondoka pamoja.

Hatari iko kwenye kipimo. Mafuta yakipungua, kostiki inayokosa cha kukata haifi. Inakaa ndani ya kipande, inangoja.

Kwa hiyo wapika sabuni wa zamani walikuwa na njia yao. Waliilamba sabuni. Kostiki ikiwa imebaki, ulimi hupigwa kama umegusa betri ya redio. Ikiwa imekwisha, mtu husikia ladha ya sabuni tu, mbaya lakini tulivu.

Miraji alifanya hivyo hadharani. Kila sabuni mpya ilipokatwa, alisimama mlangoni, akainua kipande cha kwanza na kukilamba mbele ya wanunuzi. Hakuna aliyetoa pesa kabla ya hapo.

"Tulikuwa tunamchokoza," anakumbuka Umaima Yaseen, mama wa watoto wawili, ambaye amefua nguo tangu alipomaliza shule. "Mmoja anapiga kelele, 'Mzee, kwani mkeo Mastura hakukupa chai leo?' Mwingine, 'Meza basi tuone!' Yeye anafumba macho, anangoja, halafu anasema, 'Imetulia.' Akisema imetulia, tunanunua."

Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, shahamu ilianza kuadimika. Watengenezaji wa chakula cha mifugo walikuwa wakiichukua yote kichinjioni kwa lori. Miraji akaanza kuzunguka na mtungi kwenye vibanda vya chipsi, akikusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa.

Mafuta hayo yalikuwa yamekaanga viazi vya Mau Narok tangu asubuhi hadi jioni. Yalibeba maji na unga wa viazi. Miraji aliyapima kwa debe, vilevile alivyopima shahamu maisha yake yote. Sehemu ya debe ilikuwa maji, na kostiki ilibaki ileile.

"Kosa hilo nimelifanya mara nyingi ujanani," anasema. "Halikuwahi kutoka nje ya mlango huu. Ulimi ulikuwa unalikamata."

Siku ya kuuza alisimama mlangoni kama kawaida. Akalamba. Akafumba macho, akangoja. Akasema, "Imetulia."

Umaima alikuwa na mablanketi ya nyumba moja ya Milimani siku hiyo. Aliyaloweka, akayapaka sabuni, akayasugua asubuhi nzima.

"Mwanzo nilisikia utelezi," anasema. "Nikamwambia mwenzangu, leo mzee amepika kweli, ona inavyoteleza. Maumivu yalikuja baadaye, nikiwa nakamua la tatu. Nikadhani ni baridi."

Utelezi ule haukuwa wa sabuni ya Miraji. Ngozi ya binadamu imejengwa kwa mafuta. Kila seli imefungwa ndani ya utando wa tabaka mbili za mafuta, na katikati ya seli za juu kuna mafuta mengine yanayoziba nyufa kama plasta ya ukuta. Kostiki ilikuwa inaikata mikia ya mafuta hayo, na kuifumua protini iliyo chini yake. Mikono ya Umaima ilikuwa inageuka sabuni ndani ya maji.

"Kostiki haijui haya mafuta yametoka kwa ng'ombe ama kwa mama fua," anasema Chemutai, mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari mjini. "Kwake mafuta ni mafuta."

Wanawake wengine walipasuka ngozi wakapona. Umaima hakupona. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena. Kovu limevuta kiganja kikawa kigumu na chenye kung'aa.

"Soksi naweza, leso naweza. Jinzi siwezi kukamua, na nani atamwita mama fua wa kufua soksi?" anasema. "Nikimshika mtoto wangu shavu, ananiambia, mama, mkono wako ni mti."

Siku ile Miraji alimpeleka hospitalini mwenyewe. Baadaye alimpelekea unga na sukari. Mlango wa Umaima haukufunguliwa.

Nyumbani alikaa siku nyingi bila kuelewa. Aliyeelewa kwanza ni mkewe, Mastura. Kwa miezi mingi mzee alikuwa akimlaumu kwamba chumvi ya siku hizi haina nguvu, na kila mchuzi aliuongezea kiganja kizima.

"Nilidhani ananitafutia ugomvi," anasema Mastura. "Siku moja nikamfunga macho kwa leso yangu, nikamwambia toa ulimi. Nikamwekea chumvi. Akaniambia, 'Weka basi.' Nikamwambia, 'Baba, nimeshaweka.'"

Kliniki walimwambia hisia ya ulimi wake imekwisha, ya ladha na ya maumivu. Huenda ni kostiki ya miaka yote ile, huenda ni ugonjwa wake wa sukari. Hawakumwahidi kwamba itarudi.

Chemutai alimletea karatasi nyekundu za maabara, zile zinazogeuka buluu zikigusa kitu chenye magadi. Waliziweka kwenye kipande kibaya, zikageuka. Wakaziweka kwenye kipande kizuri cha zamani, zikageuka pia, kwa kuwa hata sabuni iliyotulia ina ukali wake mdogo.

"Nikamwambia, mwalimu, karatasi yako inamwita kila mtu mwizi," anasema Miraji. Hilo ndilo jambo pekee alilolicheka asubuhi nzima.

Kuna karatasi nyingine zenye rangi nyingi zinazoweza kutofautisha ukali mdogo na mkubwa. Mwalimu anaendelea kuzitafuta. Lakini Kabiru, mwenye kibanda aliyewahi kuuza sabuni zake na kisha akamrudishia zote, anaamini hazitasaidia.

"Mzee, hao wamama hawataki karatasi," alimwambia. "Wanataka kuona mtu akilamba. Na si wewe."

Ndiyo maana pipa la leo ni dogo. Ndani yake mna shahamu tupu, iliyobembelezwa kwa bucha moja baada ya nyingine. Miraji anachota mwiko mmoja, anaumwaga juu ya sahani ya bati na kuuacha upoe. Uji ule mzito unapauka, unashikana. Baada ya hapo hajui la kufanya. Anakaa kwenye kigoda na kuitazama sahani.

Mkewe hawezi kulamba. Midomo yake ina vidonda, na Miraji amemkataza hata kujaribu.

Mlangoni kuna kivuli. Ni Umaima, mkono wa kulia umefichwa ndani ya buibui.

"Nimesikia harufu," anasema. Hasalimii.

Miraji anasimama. "Karibu, binti yangu."

"Unauza?"

"Siuzi. Najaribu."

"Unajaribu na nini?"

Mzee anaigeukia sahani. Umaima anaitazama sahani kwa muda mrefu. Kisha anatoa mkono wa kushoto, anamega kipande kidogo, anakigusisha ncha ya ulimi.

Anatema papo hapo, kipande kinamponyoka sahanini. Mastura anakimbia na kikombe cha maji. Umaima anasukutua, anatema tena kwenye vumbi, machozi yamemlenga.

"Inauma," anasema.

"Inauma namna gani?" anauliza Miraji. Anauliza kwa dhati. Ladha hiyo ameisahau.

"Kama mikono yangu."

Kuni zinapasuka chini ya pipa. Hatimaye mzee anasema, akiwa ameinama, kwamba atatafuta shahamu nyingine aongeze, na atapika upya Ijumaa baada ya swala. Kila ikipoa itahitaji kuonjwa, mpaka itulie. Hamwombi kitu. Anaeleza kazi tu, jinsi inavyokwenda.

"Nitakuja Ijumaa," anasema Umaima. "Si kwamba nimekusamehe, mzee. Utaiuza tu, kwa vile njaa unayo. Na kuna mama fua mwenzangu atainunua."

Anaondoka bila kuaga. Miraji anabaki ameshika sahani. Anakiokota kipande alichomega Umaima, anakiweka kwenye ulimi wake, anafumba macho kama alivyokuwa akifanya mlangoni mbele ya wanawake waliomcheka.

Anangoja. Mastura anamwita ndani mara mbili. Bado anangoja.