Mabati ya Chama

Mhazini wa chama chetu cha nyumba za bei nafuu, hapa Nabuyonga mjini Mbale, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na hakugusa pesa yetu kabla ya kufuta viganja kwa leso. Hata akinunua misumari tu, alitutangazia bei, kisha akauliza, "Nani ana swali?" Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipopita Mbale, tulikuta ghala letu limevunjwa, mabati tuliyoyachangia hayamo. Watu wakaanza kumsema pembeni. Akatuita uani kwake. Bakhit, mwanachama mkali, akamwuliza mbele yetu, "Mama, mabati yetu iko wapi?" Mama akamwambia fundi aliyekuwa amemwita apande juu ya nyumba yake. Fundi aling'oa bati la kwanza, limeliwa na kutu, na chini yake likang'aa jipya, kisha jingine, na jingine. "Niliyahamisha askari walipokaribia," alisema. "Ningemwambia mmoja wenu, angepigwa mpaka aseme." Bakhit alicheka huku machozi yanamtoka. Mapya yaliposhushwa yote, alivua kanzu, akapanda ngazi kumsaidia fundi kurudisha yale ya kutu, mama asinyeshewe.