Jiwe la Aabo na Neno la Ubaoni

Sifa njema ni za Mola aliyeficha moto ndani ya jiwe, akanipa umri wa kulisimulia.

Enzi zetu Wajir hapakuwa na rangi ya ndoo. Idd ikikaribia kuta zilipakwa chokaa, na mchomaji alikuwa baba yangu. Aabo alipanga mawe meupe juu ya magogo ya mgunga, akayachoma siku mbili. Yalitoka mepesi. Akiyamwagia maji, yalichemka yenyewe bila moto, mvuke ukakereketa pua, nasi watoto tukisimama mbali kwa amri yake. Mpaka leo harufu ile hunikumbusha chai ya maziwa ya ngamia tuliyokunywa kazi ikiisha.

Mwaka mmoja nilikuwa msichana pekee darasani, na Aabo alikuwa ameshakata shauri: baada ya Idd siendi tena. "Qur'ani umeisoma duksi," alisema, yaani madrasa. "Hayo mengine ni habari za watu." Sikubisha. Mzazi hakubishiwa; leo wajukuu wangu hubishana hata na simu.

Wiki ya mwisho mwalimu wetu, bwana mmoja wa Machakos, aliandika ubaoni: udongo wa alkali. Ndilo jina, akasema, la oksidi kama chokaa iliyochomwa. Wataalamu wa kale waliita "udongo" kitu kisichoyeyuka motoni wala kuyeyuka upesi majini. Wakaongeza "alkali" kwa kuwa kikilowa huchoma ngozi kama maji ya majivu.

Nilikimbia hadi nyumbani. Aabo alikuwa akikoroga pipa. Nilipomweleza, mti wa kukorogea ukasimama mkononi mwake.

"Al-qali? Hicho ni Kiarabu, aabo," akasema, maana kwetu baba naye humwita mwanawe hivyo. "Ni majivu ya majani yaliyochomwa. Huyo mwalimu ni Mwislamu?"

"La. Ni Mkamba. Kila Jumapili yuko kanisani."

Akacheka hadi mvuke ukampalia. "Walahi! Neno limetoka Arabuni likafika Machakos, na mimi nakuzuia wewe kufika skuli, hapo nyuma ya soko?"

Baada ya Idd nilirudi darasani, viatu vikiwa na madoa meupe.

Sasa naishi mtaa wa Galbet, na kuta zangu ni za rangi ya dukani. Mjukuu akitaka maana ya neno, simu humjibu kabla sijavaa miwani. Ni neema, nashukuru. Ila jibu lake huishia kiganjani. Hakimbii nalo kwa mtu.

Nawe uliyesoma, Mungu akujaalie elimu yenye manufaa, na mtu nyumbani wa kumpelekea. Amin.