Vidonge Nilivyomficha Sista Rasoa

Nikikaa kimya, mwanangu, bado naikumbuka asubuhi niliyolia mbele ya Sista Rasoa, muuguzi wa zahanati yetu ya Kware. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na watoto watatu, na mwezi wa tatu sasa nilikuwa nikimeza dawa za kifua kikuu, zile zinazogeuza mkojo ukawa mwekundu. Sista alikuwa amenipima na kuniambia nina mimba.

"Haiwezekani," nikasema. "Nameza vidonge vya kupanga uzazi. Sijaruka hata siku moja."

Akaweka kalamu chini. "Mbona nilipokuuliza dawa nyingine unazotumia ulisema hakuna?"

Nikainama. Mume wangu, Wekesa, hakujua habari ya vidonge. Niliogopa vikiandikwa kwenye kadi ataviona.

"Mimi si askari, mama," akasema taratibu. "Ukinificha, namtibu mtu nisiyemjua. Hii dawa ya kifua inalichochea ini lako, nalo linavunja vile vidonge kabla havijafanya kazi. Ningejua, ningekupa njia nyingine."

Mtoto wa mimba hiyo ni Nafula, dada yako. Alipokuja kusomea mambo ya dawa alinifafanulia zaidi: ndani ya ini mna protini zinazosimamia jeni. Dawa ile huzishika, nazo huamuru jeni zitengeneze vimeng'enya kwa wingi, na hivyo ndivyo vinavyovunja dawa nyingine.

Lakini siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba lazima nimwambie Wekesa. Alipotoka kiwandani nilimweleza yote. Akasukuma kikombe cha chai kando.

"Mama watoto, mimi nimekuwa mtu wa kuogopwa hivyo?"

Tukalia wote wawili. Kliniki iliyofuata tulikwenda pamoja, akamuuliza Sista maswali kunizidi. Dawa nilizimaliza, nikapona, na Nafula akazaliwa salama.

Basi mwanangu, ukienda hospitali taja kila unachomeza, hata mizizi uliyochemshiwa na shangazi. Usiache dawa kimyakimya, wala usiongeze nyingine bila kuuliza. Na yule unayelala naye kitanda kimoja, usimfiche mwili wako unapougua. Mungu akulindie afya, akupe watu wa kuwaambia ukweli bila kutetemeka.