Chekeche la Mama Juu ya Kompyuta

Kompyuta mie sikusomea. Nalisema hilo mwanzo ili mtu asije akanitafutia cheti. Nilianza kwa kuifungua redio ya babu nikiwa mdogo, nikapigwa. Nikafungua pasi, nikapigwa. Nikafungua feni ya mezani, nikairudisha ikazunguka, hapo ndo wakaniacha. Yaliyobaki nimeyaona kwenye simu, nimelala kifudifudi, bisibisi chini ya mto.

Na hasira n'nazo. Hilo nalo nalisema mapema, kwa sababu bila ya hasira kisa hiki kisingekuwepo.

Shoga yangu kazi yake ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Kwetu Unguja upande ule mwanamume haingii, wala kamera yake haiingii. Mule ndani watu wamevua mabaibui, wamesuka nywele, wamejitia asumini, na kina mama watu wazima wanacheza mpaka jasho linawatiririka. Picha zile ni amana. Shoga yangu huzipiga mwenyewe, huzikata mwenyewe, humkabidhi mwenye harusi mkononi, kisha hufuta. Ndo maana anaitwa kila mtaa.

Wiki ile alikuwa na harusi moja kubwa. Mama wa bi harusi alikuwa anasafiri Jumamosi asubuhi kwenda Maskati kwa mamake mzazi, bi kizee ambaye miguu hawezi, na harusi ya mjukuu wake ilimpita. Alimwambia shoga yangu maneno machache tu: "Mwanangu, mie siendi kwa mama mikono mitupu. Ijumaa alasiri n'takuja kuuchukua mkanda." Watu wazima bado husema mkanda, ingawa siku hizi ni flashi ndogo kama kidole.

Jumatano shoga yangu akanijia kwetu Ng'ambo, sipiyu yake, lile boksi la kompyuta, kaifunga kanga kama mtoto mgonjwa.

"Inazima," akasema. Hata salamu hakutoa. "Kila nikiipika video, inazima."

Kupika ndo tunavyosema sisi. Vipande vyote ushavipanga, muziki ushautia, sasa unaiachia kompyuta iviunganishe viwe kitu kimoja. Harusi ile ilitaka saa tatu za kupikwa. Kompyuta ikifika dakika ya arobaini, pu! Giza. Nikaweka kiganja juu ya bati lake, nikakitoa upesi. Sababu haikuwa ya kutafuta. Alitia kadi mpya ya kuendeshea picha, kubwa, ya nguvu, ndani ya boksi jembamba la kiofisi. Ni sawa na kulichukua jiko la pilau ya shughuli ukaliweka kabatini, kisha ukafunga mlango.

"Si tuifungue ubavu, ipike wazi?" nikamwambia.

"Weye umeshamsahau mjusi?"

Sikumsahau. Mwaka wa nyuma aliiacha wazi, mjusi kafiri akaingia kutafuta joto, akaungua yeye na akaunguza ubao wa ndani. Tangu siku hiyo boksi halifunguliwi.

Basi tukaenda Mlandege kwa fundi mmoja mwenye duka, kumuuliza kama ana boksi kubwa. Akaiwasha, akaigusa, akaupuliza mkono wake.

"Dada zangu, hii si kompyuta, hili jiko." Akamgeukia mwenzake. "Yakhe, lete donge la chapati tulijaribu!"

Wakacheka. Mie nikavuta pumzi.

"Boksi kubwa lipo?"

"Lipo Dar. Likija na meli, wiki ijayo inshallah. Au niachieni hizo kazi zenu, n'kumalizieni kwenye mashine yangu. Kesho mshapata."

Sasa nikikumbuka, hakuwa na ubaya, alitaka kusaidia. Lakini wakati ule damu ilinipanda.

"Umalize nini weye? Mule mna mama za watu vichwa wazi! Pengine na mamako yumo, anacheza!"

"Mamangu mie hachezi."

"Hachezi mbele yako!"

Duka zima likaangua kicheko, na safari hii alichekwa yeye. Hapo ningenyamaza, nshashinda. Sikunyamaza. Nikanyoosha kidole. "Na hilo boksi lako likae huko huko Dar. Hili hili jembamba n'talikata kwa mikono yangu, na Ijumaa alasiri mama wa watu atauchukua mkanda wake. Wallahi!"

Njiani shoga yangu alitangulia mbele mpaka kwenye maduka ya vitambaa. Kisha akasimama.

"Umeapia kazi ya nani?"

"Yako."

"Basi ujue."

"Akutukane mie nikiwepo?"

"Mie hakunitukana. Ameitukana kompyuta."

"Kutukaniwa chako ni kutukanwa weye," nikamwambia. Akacheka, lakini akahesabu siku kwa vidole.

Alhamisi asubuhi tukaanza, uani kwetu, chini ya kamba ya nguo. Vyombo vyangu: keekee ya babu, ile ya kuzungusha kwa mkono kama unasaga kahawa, msumeno wa chuma ambao mpini wake umevunjika nikaufunga tambara, tupa mbili, moja bapa na moja ya mviringo, na kipande cha msasa. Basi. Tukatoa kila kilichomo ndani ya boksi, tukakipanga kwenye sinia, tukakifunika kwa kawa kama chakula cha mgeni. Skurubu tukazitia kwenye vikombe vya kahawa, kila aina kikombe chake.

Feni kubwa n'nayo, niliichomoa zamani kwenye kompyuta mbovu. Kilichobaki ni kulitoboa bati la juu tundu kubwa la mviringo la kuikalisha feni. Nikatafuta kitu cha kuchorea. Sahani kubwa mno, kifuniko cha birika kidogo mno. Nikaingia jikoni, macho yakaangukia chekeche la mama la unga, lile dogo la waya mwembamba. Nikaliweka juu ya feni. Lo! Likakaa kama wamezaliwa pamoja. Moyo ukanirukaruka. Hili si la kuchorea tu! Hili ndo mlango wenyewe, hewa inapita, mjusi hapiti!

Mama alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa pili. Sikuiba. Niliazima bila ya kusema.

Nikachora duara kwa mkaa, nikatoboa vitundu kwa keekee kufuata mstari, kimoja baada ya chengine, vimekaribiana kama tasbihi. Kisha nikauvua msumeno kwenye mpini wake, nikaupitisha ubapa wake tupu tunduni, nikaushika kwa tambara na kuanza kukata kutoka kitundu hiki kwenda kile. Shoga yangu amelibana boksi kwa magoti yake yote mawili. Bati likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kuku wa jirani wakakimbia. Nikajikata kidole, nikakinyonya, nikaendelea. Adhuhuri ikatukuta bado tumo. Kipande kile cha duara kilipoanguka mwisho wake, kikazunguka juu ya saruji, ng'ring'ring'ring'! Sote wawili tukapiga kigelegele.

Jirani akaita ukutani: "Kuna nini huko? Mmeposwa?"

"Bado, bi! Tumekata bati!"

"Haya, na hilo nalo heri!"

Nikapiga tupa ukingo mpaka ukawa laini, nikakata vipande vya kandambili kuukuu nikaviweka chini ya feni isitetemeke, nikatoboa matundu manne ya skurubu. Yalikwenda upande kidogo, keekee ya mkono haina adabu. Nikaifunga feni ipulize chini. Sikufikiri mara mbili. Feni kwetu iko wapi? Iko darini, nawe uko chini yake unapulizwa. Tangu nizaliwe nalala hivyo. Nikasema na hivi vyuma vilale kama sisi, vipate upepo wa utosini. Juu yake nikalifunga chekeche. Lilipendeza, wallahi. Kama kofia.

Ijumaa asubuhi na mapema tukaanza kuipika video. Dakika ya kumi, salama. Ya thelathini, salama, nikaanza kucheza chumbani. Ya arobaini na tano, pu! Giza.

Tukangoja ipoe, tukaanza upya. Safari hii hata nusu saa haikufika.

Shoga yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. "N'mwambieje?" akaniuliza. Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. "N'mwambieje yule mama? Kizee cha watu kinangoja kule."

Mie niliitukana feni, nikautukana msumeno, nikaitukana Dar na meli zake zote. Nikaiwasha mara ya tatu kwa ukaidi tu. Na hapo mama akaingia na chetezo.

Kila Ijumaa kabla ya watu kwenda msikitini, mama hufukiza udi. Kwanza kanzu ya baba, kisha nguo zetu, kisha chumba kwa chumba. Moshi ulikuwa mzito.

"Mama! Moshi! Kompyuta hiyo!"

Akasimama. Mama akisimama hivyo, hata mie narudi nyuma.

"Unampigia nani kelele? Nyumba hii inafukizwa tangu weye hujazaliwa. Hicho chombo chako kitazoea." Na kwa kunikomoa, akakitua chetezo juu ya meza, ubavuni mwa boksi, akaweka mikono kiunoni.

Shoga yangu akanivuta nguo. "Tizama."

Moshi wa udi ulipanda kidogo, kisha badala ya kwenda zake darini ukainama, ukaingia kwenye chekeche, ukavutwa chini kama maji kwenye shimo. Baada ya muda ukatokea mbele, kwenye nyufa za uso wa boksi, ukapanda, ukarudi juu, ukavutwa tena. Ule ule. Unakwenda na kurudi.

Mama akaukunja uso. "Mbona linakula pumzi yake lenyewe?"

Nikapiga ukelele, nadhani na huyo fundi wa Mlandege aliusikia. "Joto linapanda! Shoga, joto linapanda lenyewe, linataka kutoka, mie nalikandamiza kichwa lirudi!" Nikambusu mama mkono, nikambusu kichwa, nikaizima kompyuta, nikashika bisibisi.

"Na hilo juu," mama akasema pole pole, "si chekeche langu?"

Nilikuwa naipindua feni iangalie juu. Matundu yangu yale ya upande, feni ilipogeuka, mawili yakakubali na mawili yakakataa. Hayo mawili nikayafunga kwa waya, nikaukaza kwa koleo. Tukawasha. Mama, bila ya kuambiwa, akakisogeza chetezo karibu na uso wa boksi.

Moshi ukaingia kwa mbele. Tukangoja, sote watatu tumeinama. Kisha ukachomoza kwenye chekeche, ukapanda umenyooka wima mpaka darini.

"Usikiondoe, mama!"

"Si ulisema moshi?"

"Niliropoka!"

Saa tano kasorobo tukaanza kuipika. Wanaume wakenda kusali, mtaa ukatulia, sie tumelikodolea macho boksi. Dakika ya arobaini ikapita. Saa ya kwanza ikapita. Nikigusa bati, vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Shoga yangu hakuthubutu kucheka bado.

Saa saba na kitu mlango ukabishwa. Nani? Mama wa bi harusi! Hakuweza kungoja alasiri, na kwa shoga yangu alielekezwa kwetu.

"Shikamoo, mama," tukasema kwa pamoja, tumesimama mbele ya meza kuifunika.

"Marahaba, wanangu. Mkanda tayari?"

Shoga yangu alitupia jicho kiooni, kwenye mstari unaoonesha upishi umefika wapi. Robo bado imebaki. Ikizima sasa hivi, itazimia mbele ya macho yake. Nikasema mie: "Unaiva, mama. Kaa."

Mama yangu akaleta chai na mkate wa ufuta. Yule bibi akakaa kwenye kiti, mkoba mapajani, akaangalia ule mstari kwenye kioo ukisogea. Akauliza ni nini kile juu ya kompyuta, mama akajibu upesi kabla yangu: "Chekeche langu." Wakatazamana, wakaendelea kunywa chai. Mie nilikuwa nimelishika boksi kwa mikono miwili, kama nikiliachia litaondoka.

Likamaliza.

Shoga yangu akamuonesha mwanzo tu, pale bi harusi anapotolewa nje na wanawake wanampigia vigelegele. Yule mama aliuziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akatazama mpaka picha ikasimama. Kisha akapewa flashi mkononi, kama kawaida. Akaisogeza puani.

"Mbona inanukia?"

Ilikuwa imekaa ubavuni mwa chetezo tangu asubuhi. Nikataka kueleza habari ya feni, ya joto na ya moshi, nishavuta pumzi kabisa, shoga yangu akanikanyaga mguu.

"Udi, mama," akamwambia.

Yule bibi akaitia ndani kabisa ya mkoba, akaufunga. "Harusi yenyewe ilinukia hivi hivi," akasema. "Mama atajua."

Alipotoka tulikumbatiana tukaruka mpaka kitanda kikalia. Mama alikuwa bado yupo mlangoni, sinia ya vikombe mkononi.

"Sasa nipeni chekeche langu, nnataka kuchekecha unga."

"Mama, limeolewa."

"Bila ya mahari?"

Nikavaa baibui nikakamata njia ya Darajani kwenda kumtafutia jengine. Na nilipita Mlandege, ingawa si njia, pole pole, mbele ya lile duka la fundi.