Mteremko Haulipiwi

Nimekaa Naivasha, nikakaa Gilgil, nikarudi Nakuru na kuondoka tena. Sina mji ninaoweza kusema ni kwangu. Lakini popote nilipo, nikisikia gari kuukuu likipanda mlima kwa gia ya pili, nasimama. Nangoja nisikie kama litazimwa likifika juu.

Miaka ile ya hamsini mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na pikapu. Aliinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba huko Bahati, baada ya mzungu mwenyewe kuichoka. Mlango mmoja ulifungwa kwa waya, na asubuhi za baridi iliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele. Hata hivyo haikuwahi kulala njiani. Ilibeba kabichi na viazi hadi soko la Nakuru, mvua au kiangazi, na malori mapya ya watu yalipokwama kwenye matope, mjomba alipita polepole akiwapungia mkono.

Tena haikunywa petroli, au tuseme mjomba hakuiruhusu kunywa. Alipima tangi kwa kijiti, akakitazama palipolowa, akakipangusa na kukirudisha chini ya kiti. Kila alipofika kileleni alizima injini, pikapu ikateremka yenyewe kwa uzito wa viazi. Karibu na bonde aliachia klachi, injini ikashtuka, safari ikaendelea. Wachuuzi walimwuliza kama gari lake linakwenda kwa petroli au kwa maombi. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mlima nalipia mimi. Mteremko ni wa Mungu, haulipiwi."

Baba alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye kinu cha unga Nakuru. Alifariki wakati wa masika, kifua kikiwa kimemsumbua muda mrefu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza shule, natafuta kazi. Watu wetu wengi waliotoka magharibi na kufia huku walizikwa huku huku. Mama alikataa. Baba alikuwa amemwambia kwamba mgongo wake ameuacha kinuni, lakini mifupa ataipeleka kwao. Mjomba akasema pikapu itafika.

Asubuhi tulipokwisha kupakia jeneza na kulifunika turubai, mama alimshika kaka yake mkono. Hakuwa mtu wa kuomba.

"Kaka, hii injini isizimwe mpaka nyumbani. Ikinyamaza njiani, atadhani amefika. Atashuka."

Mjomba akaitikia, akapanda.

Mama na mimi tulikaa nyuma. Mkono wake ulikuwa juu ya jeneza, na njia nzima alimweleza baba tulipofika: hii ni Molo, hapa tunavuka reli, huu ni mto, tusiachane. Kwenye kizuizi cha Mau Summit askari wakaamuru gari lizimwe. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na magunia ya watu yalikuwa yakidungwa kwa vyuma pale barabarani kutafuta silaha. Mama alishuka akaenda kwa mkubwa wao, askari mwenye mvi. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona yule mzee akivua kofia. Akatazama vibali vyetu tu, akatufungulia njia, injini ikinguruma.

Baada ya hapo barabara inateremka kuelekea Londiani. Ukungu ulikuwa mzito. Mama alikuwa akimwambia baba kwamba sasa baridi itapungua, na mara nikasikia mvua. Nikaisikia juu ya turubai, tone kwa tone, na magurudumu kwenye changarawe, wala si kingine.

Mjomba hakukusudia. Naamini mkono wake ulizima injini kama ulivyozoea, kabla yeye hajafikiri. Alikumbuka upesi, akaachia klachi, na injini ikashika mara moja. Gari lile halikukosa kushika. Lakini mama alikuwa ameshautoa mkono wake juu ya jeneza.

"Ameshuka," alisema.

Aligonga paa mpaka mjomba akasimama. Akamwomba turudi juu tukamwite. Mjomba alitia kijiti, kikatoka kimelowa kidogo tu. Petroli ya debe la akiba tulikuwa tumeshaimimina. Akasema tukirudi hatutafika, na kaburi limeshachimbwa, na maiti haingoji. Yote hayo aliyasema akikitazama kijiti.

Tulifika. Petroli ikabaki.

Siku ya mazishi mama hakutupa udongo. Aliwaambia wazee kwamba wanazika sanduku tupu. Walidhani ni uchungu, wakamwacha. Yeye alibaki huko nyumbani; mimi nilirudi Nakuru kutafuta kazi, na huko nikasikia wachuuzi wakimwuliza mjomba kama petroli imekuwa rahisi siku hizi, maana anateremka akinguruma kama tajiri. Aliendelea kupakua viazi.

Mwaka uliofuata, mavuno yalipokwisha, mjomba alinichukua tukaenda kwa mama. Mama alipoiona pikapu aliingia nyuma ya nyumba, akakata tawi la mti uliopandwa na baba, maana kwetu roho iliyopotea njiani huitwa na kurudishwa nyumbani kwa tawi, akaingia garini.

Tulipanda hadi pale injini ilipozimwa. Mjomba akageuza gari likaelekea nyumbani, akaliacha linanguruma. Mama alitembea kando ya barabara na lile tawi, akiita jina la baba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake chakula kikiwa tayari. Akaita upande wa juu, akaita upande wa bonde. Akatega sikio. Kisha akaanza tena. Mjomba alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili, na mshale wa kipimajoto cha injini ulikuwa ukipanda.

Mwishowe mama alirudi akaketi kando yangu. Mikono yake ilikuwa mitupu; tawi alikuwa ameliacha kule.

"Zima tu, kaka," mama akasema. "Mteremko haulipiwi. Hatujabeba mtu."

Mjomba akatia gia. Tukateremka hadi Londiani, na hakuzima.