Jua Juu ya Karatasi ya Mutihani

Nilipokimbia vita ya Kongo na kuvuka Ziwa Mweru, shule moja ya Nchelenge ilinipa kazi ya kupiga chapa mitihani, maana hapakuwa na mutu mwingine aliyejua kompyuta yao. Mukubwa wa shule alitaka juu ya kila karatasi kuwe na alama mpya ya shule: jua la asubuhi. Siku mbili nilikaa peke yangu na programu ya kuchora. Nikachora jua likitoka ziwani.

Watoto walipopewa karatasi wakacheka. Mukubwa akaniita.

“Mwalimu, hapa jua haitokake mu maji. Inalalaka mule. Unaambia batoto giza inakuja?”

Nilikasirika sana. Asubuhi nyingine ningeijulia wapi, mimi niliyezaliwa upande ule wa ziwa? Lakini nililivuta lile jua, nikaliweka nyuma ya paa la shule.

Jioni nikashuka ziwani kuhakikisha. Kweli, lilikuwa linazama. Utoto wangu wote nililiona likitoka ng’ambo hii. Sasa ninakaa ng’ambo hii, nalo kila jioni linakwenda kulala kwetu, bila mimi.